Seli za ngozi zilizoteua dawa ya kifafa: uchambuzi wa kisa cha ALS

Mwaka 2008 timu ya Kevin Eggan wa Chuo Kikuu cha Harvard, ikishirikiana na wenzao wa Columbia mjini New York, ilichapisha makala ya kurasa nne katika jarida la Science. Walikuwa wamechukua kipande cha ngozi ya bibi wa miaka 82 mwenye ugonjwa wa neva uitwao ALS, wakazirudisha nyuma seli za ngozi hiyo mpaka zikawa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, kisha wakazielekeza zikawa niuroni za mwendo, yaani zile seli za neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo na kuiamuru misuli. Miaka saba baadaye, mwishoni mwa 2015, wagonjwa wa ALS nchini Marekani walianza kumeza dawa ya kifafa kwa sababu ya kilichoonekana kwenye seli za aina hiyo.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama ushindi wa seli shina. Ni ushindi kweli, ila si ule unaosimuliwa. Hakuna aliyepona, na dawa yenyewe haipo tena sokoni. Kilichofanikiwa ni kwamba jambo moja lilipimwa kwenye sahani ya maabara, likaja kupimwa tena kwa binadamu aliye hai, na majibu yote mawili yakaelekea upande mmoja. Kwa magonjwa yanayoharibu ubongo na neva, hilo ni adimu kuliko watu wanavyodhani.

ALS humaliza niuroni za mwendo kidogo kidogo. Mtu huanza kwa kudondosha vitu, au kujikwaa, au ulimi kuwa mzito. Misuli hukonda, na mwishowe ile inayovuta pumzi nayo hushindwa. Wagonjwa wengi hawavuki miaka mitano tangu dalili zianze. Mwaka 1993 iligunduliwa jeni ya kwanza inayohusika, SOD1, katika familia zenye ugonjwa huo, na mwaka 1994 wakapatikana panya waliopandikizwa jeni hiyo ikiwa na kasoro. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya muongo mzima, dawa karibu zote zilipitia kwa panya hao kwanza.

Shida ni kwamba panya hao walibebeshwa nakala nyingi za jeni ya binadamu kuliko anazobeba mgonjwa yeyote, ndiyo maana waliugua haraka na kwa namna moja. Tena SOD1 inahusika kwa takriban asilimia 2 tu ya wagonjwa wote. Walio wengi, kama asilimia 90, hawana historia ya ALS katika ukoo. Dawa za minosaiklini, lithiamu na seftriaksoni zilileta matumaini kwa panya na zote zikaanguka kwa watu. Kufikia 2008 dawa iliyoidhinishwa ilikuwa moja tu, riluzoli, iliyoanza kutumika mwaka 1995 na kumwongezea mgonjwa miezi michache.

Ingekuwa rahisi kama mtu angeweza kuzichunguza niuroni za mgonjwa mwenyewe. Lakini huwezi kumkata mtu aliye hai uti wa mgongo upate seli za kutazama. Ukisubiri uchunguzi wa maiti, unafika msiba umekwisha: seli zilizougua hazipo, na zilizobaki ni zile zilizostahimili. Namna ugonjwa ulivyoanza haionekani tena.

Eggan alikuwa amehangaika kwanza na njia nyingine, ya kuhamishia kiini cha seli ya mgonjwa kwenye yai la mwanamke ili kupata seli shina zenye jeni za mgonjwa huyo. Mradi huo ulikwama kwa kukosa wanawake wa kuchangia mayai. Kilichomwokoa kilitoka Kyoto, Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walianza na orodha ya jeni 24, wakaichuja mpaka zikabaki 4: Oct3/4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Zikiingizwa kwenye seli ya kawaida iliyokwisha komaa, jeni hizo zinaifutia kazi iliyozoea kuifanya na kuirudisha kwenye hali ya mwanzo kabisa, hali ya kuweza kugeuka kuwa seli ya aina yoyote mwilini. Hiyo ilikuwa kwa panya. Novemba 2007 wakatangaza kwamba imewezekana kwa seli za binadamu. Seli hizo huitwa seli za iPS, na ndizo zilizompa Yamanaka Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2012 pamoja na John Gurdon. Makala ya Harvard ilitoka hata mwaka haujaisha tangu tangazo la Novemba. Walikuwa tayari wanasubiri mlangoni.

Bibi wa miaka 82 na dada yake wa miaka 89, ambaye naye alikuwa katika utafiti huo, walikuwa na badiliko lilelile kwenye SOD1, liitwalo L144F, ambalo huleta ALS inayokwenda polepole. Kazi ilianza kwa kuzipanda seli za ngozi kwenye sahani mpaka zikaongezeka, kisha virusi vilivyolemazwa vikatumika kuzipelekea jeni 4 za Yamanaka. Katika kazi ya namna hii hupita wiki kadhaa za kubadilisha maji ya virutubisho na kusubiri. Halafu, katikati ya seli za ngozi zilizo ndefu na kutawanyika, huanza kutokea vishada vya seli ndogo za duara, zilizobanana, vyenye kingo zinazoonekana wazi. Mtafiti hukaa kwenye darubini akivikwangua kimoja kimoja kwa mkono na kukihamishia kila kimoja kwenye sahani yake.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi. Seli shina huachwa zielee mpaka zikusanyike zenyewe kuwa vibonge, kisha huwekewa asidi ya retinoiki, inayotokana na vitamini A, pamoja na kemikali inayoamsha njia ya ishara iitwayo SHH. Hizo ndizo ishara mbili ambazo kiinitete tumboni huzitumia kuijulisha seli kwamba iko eneo la uti wa mgongo, tena upande wa tumbo, mahali zinapozaliwa niuroni za mwendo. Mtafiti haijengi niuroni. Anairudia lugha ambayo seli tayari inaielewa, kisha anaangalia kama ndani ya kiini imetokea protini ya HB9, ambayo ni alama ya niuroni za mwendo.

Makala ikaishia hapo. Wanaoisikia kwa mbali hudhani ilionyesha ugonjwa ukiwa ndani ya sahani. Haikuonyesha. Ilithibitisha kwamba seli za mtu aliyezeeka na kuugua zinaweza kugeuzwa niuroni za mwendo, basi. Kama niuroni hizo zina tatizo lolote, na kama tatizo hilo ndilo lililomlaza bibi kitandani, yalikuwa maswali ya baadaye. Jibu lilichukua miaka sita.

Aprili 2014 zilitoka makala mbili kwa pamoja kutoka kundi la Boston. Mojawapo, iliyoongozwa na Brian Wainger pamoja na Eggan na Clifford Woolf wa Hospitali ya Watoto ya Boston, ndiyo inayobeba kisa hiki. Walizipanda niuroni kwenye sahani ambazo sakafu yake ina elektrodi ndogo sana zilizopangwa kwa safu. Kila niuroni inapofyatua ishara ya umeme, elektrodi iliyo karibu inaidaka. Hakuna haja ya kuichoma wala kuiua seli. Unaisikiliza tu, leo, kesho na wiki ijayo. Niuroni za wagonjwa zilikuwa zikifyatua mno kuliko za watu wazima wa afya. Hali hiyo ilijitokeza kwa wenye kasoro ya SOD1, kwa wenye kasoro ya FUS, na kwa wenye kasoro ya C9orf72, jeni iliyogunduliwa mwaka 2011. Jeni hizo tatu hazifanani kazi hata kidogo.

Msomaji mkorofi atauliza: utajuaje kwamba tofauti hiyo inatokana na ugonjwa, na si kwa sababu watu wawili wana mamilioni ya tofauti katika jeni zao? Swali hilo limezamisha tafiti nyingi za seli za iPS, hasa zile za mwanzo zilizolinganisha wagonjwa wawili na wazima wawili. Kundi la Boston lilichukua seli shina za mgonjwa mwenye badiliko la SOD1 liitwalo A4V, ambalo huua haraka, wakalisahihisha badiliko hilo peke yake, na kuacha kila kitu kingine kama kilivyo. Zikalinganishwa niuroni za mtu yuleyule, zenye kasoro na zisizo na kasoro. Kasoro ilipoondolewa, msisimko, yaani huko kufyatua mno, ulishuka. Mimi hapa ndipo ninapoanza kuziamini takwimu zao; kabla ya hatua hii ningezisoma kwa shaka.

Chanzo walikiona kwenye milango ya potasiamu. Niuroni ikishafyatua, potasiamu hutoka nje kupitia milango hiyo na kuituliza, kwa hiyo milango hiyo ndiyo breki ya seli. Katika niuroni za wagonjwa mkondo huo ulikuwa dhaifu. Kulikuwa na dawa inayoifungua milango ya potasiamu ya aina ya Kv7, jina lake retigabini, ambayo Wamarekani huiita ezogabini, iliyokuwa imeidhinishwa mwaka 2011 kutibu kifafa. Wakaitia kwenye sahani. Ufyatuaji ukapungua, na niuroni zikaishi muda mrefu zaidi.

Bahati hiyo isipuuzwe. Kama mlango uliohusika ungekuwa usio na dawa, kisa kingekaa maabara muongo mwingine. Kwa kuwa kidonge kilikuwepo na kimekwisha pimwa usalama kwa wagonjwa wa kifafa, waliweza kwenda moja kwa moja kwa watu, bila ile hatua ya kawaida ya kuonyesha kwanza kwamba dawa inaokoa panya wenye ALS.

Wala sahani haikuligundua jambo hili gizani. Madaktari wa ALS wanaijua misuli inayochezacheza yenyewe chini ya ngozi. Huko Sydney, Steve Vucic na Matthew Kiernan walikuwa wameonyesha mwaka 2008 kwamba gamba la ubongo la wanaobeba kasoro ya SOD1 huwa na msisimko uliopitiliza hata kabla ya dalili kuanza. Hata riluzoli yenyewe hutuliza neva. Kilichoongezwa na seli shina ni chanzo ndani ya seli, na dawa ya kukigusa.

Sasa upande wa pili, ambao masimulizi mengi huuruka. Mwaka 2013 watafiti wa Los Angeles waliripoti niuroni za wagonjwa wa C9orf72 zenye msisimko pungufu, si uliopitiliza. Mwaka huohuo kundi la Basel, Uswisi, lilionyesha kwa panya kwamba kuongeza msisimko wa niuroni za mwendo ndiko kunakozikinga. Nani mkweli? Mwaka 2015 watafiti wa St Andrews na Edinburgh, Uskoti, walitoa jibu ambalo naliona lina mashiko zaidi: niuroni zilizotokana na wagonjwa zilianza kwa kufyatua kupita kiasi, na kadiri wiki zilivyopita zikapoteza nguvu ya kufyatua. Aliyepima mapema na aliyepima baadaye wanaweza wote kuwa sahihi. Kwa tabibu hilo ni jambo zito, kwani mgonjwa mmoja ana niuroni zilizo katika hatua zote kwa wakati mmoja, na dawa inayotuliza itazifikia hata zile ambazo tayari zimeishiwa.

Jaribio lilianza Novemba 2015 na kumalizika Novemba 2017, katika vituo 12 vya Marekani, likiwa na watu 65. Wengine walipewa miligramu 600 za ezogabini kwa siku, wengine 900, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 10. Wiki 10 hazitoshi kujua kama mgonjwa wa ALS ataishi zaidi, na watu 65 hawatoshi. Waliobuni jaribio walilijua hilo, wala hawakujifanya wanapima maisha. Walipima msisimko.

Kipimo chenyewe kinastahili kuelezwa. Mgonjwa hukaa kitini na kuwekewa elektrodi kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba. Kichwani huwekwa koili ya sumaku, juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono. Koili ikipiga mara moja kwa nguvu, kidole gumba hushtuka. Kisha hupigwa mapigo mawili yaliyofuatana kwa milisekunde chache tu: la kwanza dhaifu, la pili lenye nguvu. Kwa mtu mzima wa afya, lile dhaifu linaamsha seli za kutuliza, na mshtuko wa kidole unapungua. Kwa mgonjwa wa ALS utulizaji huo umefifia, na kidole hushtuka karibu vilevile.

Kwa waliopewa miligramu 900 utulizaji huo uliongezeka kwa asilimia 53 ikilinganishwa na waliopewa vidonge vitupu. Miligramu 600 hazikuleta tofauti ya kutegemewa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la JAMA Neurology, na madhara yaliyolalamikiwa zaidi yalikuwa uchovu na kizunguzungu.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa. Majaribio mengi ya dawa za ubongo hushindwa na kumwacha mtafiti bila kujua kwa nini: dawa haikufika? ilifika lakini haikugusa kilichokusudiwa? ilikigusa, ila kumbe hicho hakikuwa chanzo? Kundi la Boston lilichagua kitu kinachopimika pande zote mbili, umeme wa neva. Wangepima protini fulani inayorundikana ndani ya seli, wangekwama mlangoni, kwa sababu huwezi kuihesabu protini hiyo ndani ya uti wa mgongo wa mtu anayepumua. Leo tunajua kwamba dawa ilifika na ikatuliza. Iwapo kutuliza kunarefusha maisha, hilo ni swali jingine lililobaki wazi, lakini sasa limebaki peke yake.

Retigabini yenyewe haikungoja jibu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu walibadilika ngozi na kucha kuwa za buluu, na wengine wakapata rangi isiyo ya kawaida kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mtengenezaji aliiondoa sokoni duniani kote mwaka 2017, mwaka uleule jaribio lilipomalizika. Eggan na Woolf walishakuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya QurAlis, ambayo inatengeneza kidonge kingine kinacholenga milango hiyohiyo ya Kv7. Msomaji ayapime maneno yao akijua hilo. Haliwafanyi waongo, ila wana hisa katika jibu.

Japani walipita njia tofauti. Hawakuanza na nadharia. Walizitia niuroni za wagonjwa dawa zilizokwisha kuwepo, moja moja, wakaona ipi inaziokoa. Kundi la Hideyuki Okano wa Chuo Kikuu cha Keio lilipitia dawa 1232 na kuishia na ropiniroli, dawa ya ugonjwa wa Parkinson inayofanya kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ishara kati ya seli za neva. Waliipeleka kwa wagonjwa 20. Kundi la Haruhisa Inoue huko Kyoto lilipitia kemikali zaidi ya 1400 likatoka na bosutinibu, dawa ya saratani ya damu. Majaribio hayo ni madogo mno kusema lolote la uhakika kuhusu maisha ya mgonjwa. Ila lipo jambo lililonisimamisha: mwaka 2021 kundi la Woolf lilipochuja kemikali kwa kutumia kipimo chao cha msisimko, miongoni mwa walichokipata kilikuwa kipokezi cha dopamini cha D2, hichohicho ambacho ropiniroli hukishika. Nchi mbili, wagonjwa tofauti, vipimo tofauti.

Wengi wakisikia “seli shina na ugonjwa wa ubongo” hufikiria sindano ya kurudishia seli zilizokufa, na wapo wanaouza sindano za namna hiyo kwa bei ya kufilisi ukoo. Katika kisa hiki chote hakuna mgonjwa aliyechomwa seli hata moja. Seli zilibaki maabara.

Kasoro moja kubwa haijaondoka. Kuirudisha seli kwenye hali ya mwanzo kunaifutia umri. Ngozi ilikuwa ya bibi wa miaka 82, lakini niuroni zilizotoka kwenye sahani zinafanana zaidi na za mtoto aliye tumboni, na ALS ni ugonjwa wa watu wazima. Tena niuroni za mwendo hazifi peke yake: seli za jirani ziitwazo astrositi, zikiwa na kasoro ya SOD1, zimeonyeshwa kuziua hata niuroni zisizo na kasoro. Sahani yenye niuroni tupu hailioni hilo. Benki nyingi za seli za iPS pia zimejaa seli za watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo tunachokiita “niuroni ya binadamu” bado ni ya binadamu wachache.

Mgonjwa mwenye kasoro ya SOD1, kama wale dada wawili, leo ana dawa iliyoidhinishwa Marekani tarehe 25 Aprili 2023: tofaseni, inayochomwa kwenye maji ya uti wa mgongo na kuizuia jeni isitoe protini yake. Dawa hiyo haikutokana na sahani za Harvard. Ilitokana na ujuzi wa jeni wa mwaka 1993, na kabla ya kufika kwa watu ilipimwa kwa panya walewale niliowasema vibaya hapo juu. Hata hivyo haiwahusu wale asilimia 98. Karibu wote hao wana tatizo la protini nyingine, TDP-43, inayotoka mahali pake ndani ya kiini cha seli. Mwaka 2019 maabara ya Eggan, ikitumia niuroni zilizotokana na seli shina za binadamu, ilionyesha kwamba TDP-43 ikipungua, jeni ya STMN2 inasomwa vibaya, na niuroni inakosa protini inayohitaji kuukarabati mkia wake. Kundi la San Diego liliona jambo hilohilo mwaka uleule. Kipande cha jeni kinachosababisha kosa hilo hakipo kwa panya, kwa hiyo miaka 25 ya kuwachunguza panya isingekitoa. Dawa ya kulisahihisha kosa hilo ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wa ALS mwaka 2023.